Kuupoza mwili si kuulaza: usingizi wa msimu na mustakabali wake kwa binadamu

Mimi ni daktari wa usingizi wa nusukaputi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kulinda uwiano mmoja tu: oksijeni inayoingia mwilini isiwe pungufu ya ile inayotumika. Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kila dakika. Tukiyajaza mapafu yake oksijeni tupu kabla ya kumlaza, hubaki na akiba ya zaidi kidogo ya lita mbili, na akiba hiyo hunipa kama dakika nane za kumwekea mpira wa kupumulia kabla hali haijawa ya hatari. Karibu kila tunachokifanya wakati wa dharura, tangu mashine ya kupumulia hadi chupa ya damu, huongeza kinachoingia. Usingizi wa msimu, ule ambao dubu, kindi wa ardhini na wanyama wengine kadhaa huupitia wakati chakula kinapoadimika, hufanya kinyume chake: hupunguza mahitaji yenyewe. Kama mahitaji ya mgonjwa wangu yangeshuka hadi robo, dakika zile nane zingekuwa nusu saa. Ndiyo maana utafiti wa kumwingiza binadamu katika hali hiyo unanivutia, na ndiyo maana pia naona kwamba mengi yanayoandikwa juu yake huanzia mahali pasipostahili, yaani kwenye baridi.

Baridi huja nyuma. Mwaka 2011 watafiti wa Alaska walichapisha vipimo vya dubu weusi waliolala kipupwe kizima katika mapango ya kutengenezwa, na wakakuta kwamba joto la miili yao lilibaki kati ya nyuzi 30 na 36 za Selsiasi, ilhali umetaboli, yaani kasi ya mwili kuchoma akiba yake, ulikuwa umeshuka hadi robo ya kawaida. La kushangaza zaidi lilitokea baada ya kuamka: joto lao lilikwisha kurudi mahali pake, lakini kwa majuma mawili hadi matatu umetaboli uliendelea kuwa karibu nusu tu. Huo ndio ushahidi ninaouthamini kuliko wote, kwa sababu unaonyesha kwamba mnyama huyu ana namna ya kupunguza moto wake bila kuutegemea ubaridi. Ni kama kufunga kijilango cha hewa cha jiko la mkaa: makaa hupoa kwa kuwa yamepunguziwa hewa, wala hakuna aliyeyamwagia maji.

Madagascar yuko lemuri mdogo mwenye mkia mnene wa mafuta, mnyama wa kundi lilelile la primati tulilomo sisi, ambaye hulala ndani ya tundu la mti hadi miezi saba katika msimu wa ukame. Joto lake hupanda na kushuka pamoja na hewa ya nje, na kuna siku hupita nyuzi 30 naye bado amelala. (Wavuvi wa Ziwa Viktoria hawatashangazwa sana na hili, maana wanamjua kamongo, ambaye kinamasi kikikauka anaweza kujifukia topeni na kungoja mvua, bila baridi yoyote.) Mnyama anayependwa zaidi na waandishi wa habari ni kindi wa ardhini wa Aktiki, ambaye joto la mwili wake limewahi kupimwa hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri pasipo damu yake kuganda kuwa barafu. Ni kiumbe wa ajabu kweli, lakini kwa tabibu dubu na lemuri wana la kufundisha zaidi.

Udaktari wenyewe umekuwa ukimwaga maji kwa zaidi ya miaka sabini. Wilfred Bigelow wa Toronto, aliyevutiwa na wanyama walalao kipupwe, alionyesha mwaka 1950 kwamba mbwa aliyepozwa anaweza kustahimili kusimamishiwa mzunguko wa damu kwa muda, na mwaka 1952 huko Minnesota John Lewis akamfungua moyo mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amepozwa. Mpaka leo, katika upasuaji wa mshipa mkuu wa aota, wagonjwa wengine hupozwa hadi nyuzi 20 au chini yake ili mzunguko wa damu uweze kusimamishwa kwa takriban nusu saa. Huko chumba cha upasuaji, baridi inafanya kazi kwa sababu mgonjwa yumo mikononi mwetu kabisa: ana dawa za usingizi, ana dawa za kulegeza misuli, na ana mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu.

Nje ya mazingira hayo, mwili hupambana. Ubongo una kipimajoto chake, na ukiona joto linashuka huamuru misuli itetemeke, jambo ambalo huongeza matumizi ya oksijeni badala ya kuyapunguza. Joto likipungua chini ya nyuzi 28 hivi, moyo wa binadamu huwa katika hatari ya kupiga ovyo na kusimama, damu huchelewa kuganda pale inapohitajika kuganda, na kinga dhidi ya vijidudu hudhoofika. Historia ya kuwapoza watu waliofufuliwa baada ya moyo kusimama inapaswa kutusomesha. Tafiti mbili za mwaka 2002 zilileta matumaini makubwa, na hospitali nyingi duniani zikaanza kuwashusha wagonjwa hadi nyuzi 32 au 34. Kisha utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2021, wenye wagonjwa zaidi ya 1,800, haukuona faida ya nyuzi 33 kuliko kuzuia homa tu.

Kwa watoto wachanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, suala hili linatugusa moja kwa moja. Katika nchi tajiri, kuwapoza hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72 kumeokoa maisha na akili za wengi. Lakini katika jaribio dogo la Hospitali ya Mulago, Kampala, lililochapishwa mwaka 2008, vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa waliopozwa, ingawa idadi ya watoto ilikuwa ndogo mno kuthibitisha jambo. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa India, Sri Lanka na Bangladesh uliohusisha watoto 408: waliopozwa walifariki asilimia 42, na wasiopozwa asilimia 31. Nimewasikia wenzangu wakiyapuuza matokeo hayo kana kwamba kosa ni la hospitali maskini, nami sikubaliani nao. Mtoto ambaye ubongo wake umekwisha kuumia saa nyingi kabla, au ambaye ana maambukizi, hapati faida ya baridi bali hubebeshwa mzigo wa pili.

Kwa hiyo swali la msingi ni kama binadamu naye anacho kile kijilango cha jiko. Mwaka 2005 Mark Roth wa Seattle aliwavutisha panya gesi ya haidrojeni salfaidi kwa kipimo kidogo, na umetaboli wao ukashuka kwa asilimia 90 hivi kisha wakaamka wazima. Kondoo na nguruwe walipojaribiwa hawakuitikia vivyo hivyo. Mwaka 2020 makundi mawili, moja la Tsukuba nchini Japani na jingine la Harvard, yalitambua, katika haipothalamasi ya panya (sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili), seli za neva ambazo zikiamshwa humtia mnyama katika hali inayofanana na usingizi wa msimu. Wajapani walifanikiwa hata kwa panya mkubwa wa maabara, ambaye kwa asili halali hivyo. Miaka mitatu baadaye Hong Chen na wenzake wa St. Louis waliifikia sehemu hiyo ya ubongo kwa mawimbi ya ultrasaundi kupitia fuvu, bila kisu wala sindano, ingawa joto la panya mkubwa lilishuka kwa nyuzi moja au mbili tu. Kima walipoamshiwa seli za sehemu hiyo nchini China, joto lao lilishuka, lakini walitetemeka na mioyo yao ikaenda mbio. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba kipimajoto kiliguswa lakini moto haukupunguzwa.

Matumizi ninayoyangojea ni ya saa chache. Majeruhi wa pikipiki anayevuja damu tumboni, au mgonjwa wa kiharusi aliye mbali na hospitali ya rufaa, hahitaji kulala miezi. Anahitaji mahitaji yake ya oksijeni yashuke mpaka gari la wagonjwa lifike. Huko Baltimore, Samuel Tisherman amekuwa akijaribu kuwajaza majeruhi ambao mioyo imesimama maji ya chumvi yenye baridi kali ili kupata muda wa upasuaji. Ninaiheshimu kazi hiyo, lakini inahitaji timu nzima ya upasuaji, wakati ambapo dawa ya kupunguza umetaboli ingeweza kutolewa kando ya barabara.

Safari ya Mirihi ni jambo jingine. Kampuni ya SpaceWorks, kwa fedha za NASA, ilipendekeza wanaanga wapozwe kwa zamu za majuma mawili huku wakilishwa kwa mrija, na Shirika la Anga la Ulaya likakadiria kwamba chombo chenye abiria waliolala kingeweza kupungua uzito kwa theluthi moja. Mtu yeyote aliyefanya kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi anajua majuma mawili ya kulala bila kujongea huleta nini: misuli kusinyaa, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Dubu huepuka hayo. Mwaka 2023 ilibainika kwamba anapolala hupunguza protini iitwayo HSP47 inayochochea kuganda kwa damu, na protini hiyohiyo imekutwa ikiwa chini kwa watu waliopooza muda mrefu kutokana na majeraha ya uti wa mgongo. Dawa ya kuzuia damu kuganda inaweza kutoka huko kabla hatujamlaza mwanaanga hata mmoja.

Tena wengi wa wanyama walalao kwa ubaridi mkali hawalali mfululizo. Kindi wa Aktiki hujipasha joto kila baada ya majuma mawili au matatu, na sehemu kubwa ya nishati yake ya kipupwe huishia katika saa hizo chache. Mwanaanga aliyepozwa naye angelazimika kupashwa joto mara kwa mara, na huo ndio wakati ambao moyo na shinikizo la damu huyumba zaidi, kwa hiyo lazima kuwe na wahudumu walio macho kwa zamu. Wahudumu hao watakula, watapumua na watahitaji nafasi ya kufanya mazoezi, na chombo kitabeba pia mashine, dawa na umeme wa kuwahudumia waliolala. Hayo yote yakiwekwa kwenye mizani, ile theluthi ya uzito inaanza kupungua kabla roketi haijaondoka.