Archibald Douglas hakunyakua urithi

Nimelikuta tena wiki hii: eti Archibald Douglas, yule Archibald Mkali, bwana mkubwa wa Uskoti katika karne ya 14, alikuwa mtoto wa nje aliyenyakua cheo cha Earl wa Douglas kwa upanga. Jamani, someni hati ya 1342 kwanza.

Mtoto wa nje alikuwa kweli. Baba yake ni Sir James Douglas, aliyeuawa Hispania mwaka 1330 akiwa amebeba moyo wa Mfalme Robert Bruce. Na sheria ya Uskoti haikumpa mtoto wa nje urithi wa baba. Ila Archibald hakudai kwa damu. Mei 1342 baba yake mdogo Hugh, kasisi asiye na mtoto, alimrudishia Mfalme David II ardhi za Douglas, na mfalme akazitoa upya kwa foleni ya warithi wa kiume: kwanza William, mtoto wa ndugu yake Hugh, na wanawe, wakikosekana, William Douglas wa Liddesdale, akikosekana na huyo, Archibald, kwa jina lake.

Liddesdale aliuawa 1353 bila mwana wa kiume. Agosti 1388 James, Earl wa Douglas na mwana wa yule William wa kwanza, akafa vitani Otterburn bila mtoto wa ndoa. Sasa tazameni hapa. James aliacha wana wawili wa nje, na baba yake alikuwa na mwingine, George. Wote watatu walikuwa karibu zaidi na marehemu kwa damu, na hakuna aliyeupata uearl wa Douglas, kwa kuwa hati haikuwataja. Aliyewazidi alikuwa mtoto wa nje kama wao.

Mpinzani wa kweli alikuwa Malcolm Drummond, aliyedai kupitia mkewe Isabella, dada yake James. Aprili 1389 Bunge lilimkubali Archibald. Uearl wa Mar ulimwendea Isabella, maana ulitoka kwa mama yake.

Je, hati peke yake ingetosha? Hapo nasita. Archibald alikuwa na ardhi na nguvu zake mwenyewe: alikuwa na Galloway tangu 1369, alinunua Wigtown 1372 kwa pauni 500, akaipata Bothwell kwa mkewe Joanna Moray. Earl wa Fife, aliyeshika uongozi wa nchi Desemba 1388, alikuwa upande wake. Nguvu ilimsaidia kuifikisha hati yake mbele ya Bunge. Hati yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 46.