Gari huchoka kubeba kabla halijachoka kuvuta

Muuzaji aliyetuuzia pikapu hapa Colorado hakutudanganya. Alisema inavuta kilo 5,000, na kweli inavuta. Tela letu la kulala, lenye vitanda, jiko na choo chake, halifiki kilo 3,000 hata likisheheni. Kwa hesabu za barazani tulikuwa tumebakiza nafasi kubwa sana. Ila siku shemeji yangu, dereva wa malori ya masafa marefu, alipotusindikiza hadi kwenye mizani, pikapu ilikutwa imezidisha uzito kwa kilo 115. Muuzaji alikuwa sahihi, na mizani ilikuwa sahihi.

“Namba ya kuvuta ikitosha, umemaliza”

Hii ndiyo dhana potofu iliyo mama, nyingine ni watoto wake.

Namba ya kuvuta haitungwi ofisini. Watengenezaji wengi wa pikapu za Marekani hufuata kanuni iitwayo J2807, na mojawapo ya majaribio yake ni mlima wa Davis Dam huko Arizona: kama kilomita 18 za kupanda kutoka Bullhead City, joto lisipungue nyuzi 38, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, na pikapu ya kawaida isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni mtihani wa haki. Lakini humo ndani wanahesabiwa watu wawili tu, dereva na abiria, kilo 68 kila mmoja. Hakuna watoto watatu kiti cha nyuma. Hakuna jenereta, kuni wala sanduku la spana.

Namba inayoibana familia iko mahali pengine. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Kuna stika ya njano na nyeupe, ileile inayosema upepo wa matairi. Mstari mmoja unasema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kiasi fulani, kwa kilo na kwa pauni. Yetu inasema kilo 680. Dereva naye anahesabiwa humo, ingawa wengi hujisahau. Na usiazime namba ya jirani mwenye gari kama lako: paa la kioo, ngazi za pembeni na injini tofauti vyote vimeshakula sehemu yao kiwandani, hivyo pikapu mbili za jina moja huweza kupishana kwa kilo mia na zaidi.

Sasa tela linaingiaje kwenye kilo hizo 680, wakati lina magurudumu yake? Linaingia kwa shingo. Lile pembe la chuma la mbele hulalia mpira wa chuma nyuma ya pikapu, na tela la kulala lililopakiwa vizuri huweka hapo asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Kwa gari, huo si mzigo wa kuvuta. Ni mzigo wa kubeba, sawa na saruji iliyopakiwa nyuma.

Sisi watano, mimi, mama watoto na wanetu, tuna kilo 275. Vitu vya nyuma ya pikapu vilikuwa kilo 105. Vyuma vya kuungia tela, kilo 40. Hapo ni 420, na bado hatujafunga tela. Shingo yetu ilikuwa na kilo 375, yaani mifuko saba na nusu ya saruji. Jumla 795. Stika inasema 680.

Ukitaka kujua tela la kufaa kabla hujanunua, anzia mlangoni, usianzie kwenye tangazo. Toa watu, toa mizigo, toa vyuma. Kinachobaki ndicho chakula cha shingo; kigawe kwa 0.13. Sisi tulibakiwa na kilo 260, ambazo zinaruhusu tela la kilo 2,000 hivi. Ndiyo, kutoka 5,000 ya tangazo hadi 2,000 ya mlangoni, gari lilelile.

“Nusu tani maana yake inabeba nusu tani”

Jina tu. Zamani lilikuwa na maana. Siku hizi ni la kutofautisha ukubwa wa pikapu, na nyingi za daraja hilo hubeba zaidi. Soma stika.

“Uzito wa tela ni ule wa kwenye karatasi ya mauzo”

Uzito ule ni wa tela kavu, kama nyumba ambayo mpangaji hajahamia. Tangi halina maji, kabati halina sufuria, na mara nyingi hata betri haikupimwa. Maji peke yake ni kilo moja kwa kila lita. Tangi letu ni la lita 150, kwa hiyo ni kilo 150 za kitu ambacho tungekipata bure kambini. Mtungi wa kawaida wa gesi ukijaa unakaribia kilo 17, nayo mitungi iko miwili, tena imefungwa juu ya shingo palepale. Ukikosa mizani, fanya hesabu zako kwa ule uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye tela lenyewe.

“Basi shingo iwe nyepesi, gari lipumue”

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu akishaelewa kwamba shingo inakula nafasi, anarudisha mizigo yote nyuma ya tela: baiskeli, friji ya barafu, meza. Shingo inapungua kweli, na amejitengenezea ajali.

Muulize mvuta mkokoteni wa Kariakoo. Akipakia magunia mengi nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni inamnyanyua, miguu inakosa ardhi, na mkokoteni ndio unaoamua wapi waende. Tela lenye shingo nyepesi ni hivyohivyo, ila lenyewe liko kilomita 100 kwa saa. Lori likipita ubavuni, upepo wake unalisukuma kando, tela linarudi, linapitiliza, linaanza kupiga mkia. Kila mpigo ukizidi uliotangulia, linaweza kuigeuza pikapu yenyewe.

Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli za tela au mbele yake kidogo. Shingo isishuke chini ya asilimia 10. Kama asilimia 10 inazidi nguvu za gari lako, tela hilo si la gari lako, na hakuna upakiaji utakaolibadilisha.

Likianza kuyumba, mguu utataka kukanyaga breki. Usiukubalie. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawa bila kulifukuza tela kushoto na kulia, kisha kwa mkono bonyeza kile kidude cha breki za tela kilicho karibu na usukani. Breki za tela zikishika peke yake, linanyooka nyuma yako kama kamba iliyovutwa. Kidude hicho kijaribu ukiwa bado mtaani kwenu, mwendo wa polepole, ili siku ya shida mkono usikitafute.

“Nitaongeza springi”

Kuna mifuko ya upepo ya kuweka chini ya springi, na kuna vile vyuma virefu vya kuungia tela vinavyofanya kazi kama mtu anayeinua mikono ya toroli: vinarudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele. Hivyo vyuma ninavyo na sitasafiri bila kuwa navyo. Bila hivyo mgongo wa pikapu hulala, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na usiku taa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Lakini hakuna hata kimoja kinachobadilisha stika ya mlangoni. Mifuko ya upepo hasa huficha ugonjwa: gari linasimama wima kama halina kitu, huku ekseli, breki na matairi yakibeba mzigo uleule.

“Injini ikipanda mlima, kazi imekwisha”

Barabara kuu ya I-70 magharibi ya Denver inapita kwenye handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Wapanda Kilimanjaro wafikirie mahali chini kidogo ya Horombo. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo kule juu inapumua kama mzee. Hilo ni la kukuchelewesha tu, jipange kulia pamoja na malori.

Kushuka ndiko kwenye hatari. Weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, uiache injini ishikilie uzito, na breki uzikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uziachie zipoe. Mwendo nao una hesabu yake: kutoka maili 55 kwenda 65 kwa saa, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa asilimia 40 hivi. California wamewawekea wote wanaovuta tela kikomo cha maili 55, na baadhi ya matairi ya tela yametengenezwa kwa kikomo cha maili 65, hata kama pikapu yako ingeweza 90.

“Mizani ni ya malori”

Aliyekulia njia ya Mombasa anaijua mizani ya Mariakani, foleni ya malori na dereva anayeomba dua ekseli isizidi. Labda ndiyo maana tunaogopa mizani. Hapa ile ya vituo vya mafuta vya malori ni ya hiari: unalipa kidogo, unasogea, magurudumu ya mbele sahani ya kwanza, ya nyuma sahani ya pili, tela sahani ya tatu, unapewa karatasi. Hakuna askari. Pima mara mbili, ukiwa na tela na bila tela, familia ikiwa ndani ya gari. Tofauti ya uzito wa pikapu, vile vyuma virefu vikiwa havijakazwa, ndiyo shingo yako. Sisi tulipata 3,290 na 2,915. Kikomo cha pikapu yote ni 3,175.

Tulimwaga maji yote, na tangi liko upande wa mbele, hivyo shingo ilishuka. Kuni za kilo 40 tukamwachia shemeji. Jenereta na sanduku la spana vikahamia ndani ya tela, sakafuni, juu ya ekseli. Tukapima tena: shingo kilo 340, asilimia 12 ya tela, pikapu 3,150. Tumebakiza kilo 25.

Shemeji alisoma karatasi, akawatazama wanangu waliokuwa wanatoka dukani na soda na chipsi.

“Basi,” akasema, “msile sana njiani.”