"Hela ni zangu, kwa nini msinipe zote?" Pensheni ilikotoka na michango yako ilipo

Tangu kampeni yetu ya kuhakiki michango ya wanachama wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ianze katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe, swali moja limetufuata kila tulipoweka meza, kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga: "Hela ni zangu, kwa nini msinipe zote?" Wanaouliza hawana nia mbaya. Wanazungumzia mfuko waliousikia kwa baba zao, na mfuko ule kweli ulikuwepo.

Enzi za ukoloni, pensheni ya sheria ya mwaka 1954 ilikuwa ya watumishi wa serikali. Manamba waliotoka Njombe kwenda kukata mkonge Tanga walirudi na walichobakiza mfukoni. Uzee wao ulibebwa na watoto na shamba la nyumbani. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, ndipo ukaanzishwa mfuko wa akiba wa wafanyakazi, ule ambao wazee bado wanauita NPF. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: wewe unachanga, mwajiri anachanga, ukizeeka unachukua chote kwa mkupuo pamoja na riba, na habari imeishia hapo.

Baba yangu mdogo alilipwa hivyo mwaka 1988. Alinunua bati na ng'ombe mmoja, akabakiza kidogo benki. Miaka ile bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Kufika 1991 zile bati zilikuwa bado juu ya nyumba, lakini sukari na sabuni alikuwa anaomba kwetu. Alikuwa fundi mzuri, mtu wa kujituma, na alichanga bila kukosa.

Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 1997 iliugeuza mfuko ule kuwa NSSF, ukatoka kwenye akiba ukawa hifadhi ya jamii. Tofauti yake ni kubwa kuliko jina. Mchango sasa unakulinda ukizaa, ukipata ulemavu, ukifariki ukaacha wategemezi, na ukistaafu unalipwa kila mwezi maisha yako yote, hata kama utaishi miaka 30 na ulichochanga kilikwisha zamani. Mfuko hauwezi kukulipa hivyo kama kila anayeacha kazi anaondoka na fungu lake.

Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Mageuzi hayohayo yaliondoa fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako yote ukiacha kazi kabla ya kustaafu. Tunaomba jambo hili lieleweke, kwa kuwa tumelieleza mara nyingi sana: fao hilo halipo, na hakuna ofisa wa mkoa mwenye mamlaka ya kulirudisha. Lililopo ni fao la kukosa ajira. Fundi mitambo wa kiwanda cha mbao aliyekuwa akilipwa 450,000, akiachishwa kazi akiwa amechangia angalau miezi 18, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara, yaani karibu 150,000 kwa mwezi, kwa miezi sita. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati.

Kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu, kwa ufupi: Julai 2022 mkupuo wa kustaafu uliwekwa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 Serikali iliupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata mkupuo wa asilimia 50 kabla ya 2022, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Kinachobaki ndicho pensheni ya kila mwezi. Hakuna anayekichukua.

Jambo ambalo watu hawaliulizi, na ndilo linalonikosesha usingizi, ni michango isiyofika. Huko Mufindi alikuja mama mmoja wa miaka 60, akatusalimu "kamwene", akafungua mfuko wa nailoni wenye karatasi za mshahara alizozitunza tangu siku ya kwanza kazini. Alifanya kazi miaka 15 kamili. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Taarifa yake ilisoma 167. Miezi 13 alikatwa mshahara, na mwajiri hakuwasilisha. Kwa 167 mtu hulipwa mkupuo maalumu tu, mara moja. "Mwanangu, mbona karatasi inaonyesha nilikatwa?" aliniuliza, huku kidole chake kikiwa juu ya mstari wenyewe.

Waajiri, msome vizuri. Katika sekta binafsi jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Mchango huwasilishwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi unaohusika kuisha. Ukichelewa, deni huongezewa tozo, na tozo hiyo unailipa wewe, si mfanyakazi. Kumkata mtu na kutowasilisha ni kosa la jinai, na wakurugenzi wanaweza kufikishwa mahakamani wao binafsi. Kusema "hawa ni vibarua tu" si utetezi: kibarua naye ni mwajiriwa. Kusema biashara ilikuwa mbaya pia si utetezi, kwa kuwa fedha ile ilikwisha kukatwa.

Mfanyakazi, omba taarifa ya michango yako walau mara moja kwa mwaka, usingoje kustaafu. Ukiona pengo, njoo na kitambulisho cha taifa, namba ya uanachama, mkataba na karatasi za mshahara za miezi inayokosekana. Nakala inatosha kufungulia jalada, ila ya asili iwepo kwa uhakiki. Usipeleke lalamiko kwa mhasibu wa kampuni peke yake ukarudi nyumbani kusubiri.

Yule mama alikuwa na karatasi zote 13. Tulimfungulia jalada siku ileile, na mwajiri wake akaandikiwa kudaiwa michango ile pamoja na tozo.