Kizazi cha tano si cheo

Wapenzi wa ndege za kivita hubishana kana kwamba vizazi, yaani makundi ya ndege hizo kwa enzi na teknolojia yake, ni madaraja rasmi: cha tano hukishinda cha nne, mjadala umefungwa. Ukweli ni kwamba hakuna chombo chochote cha kimataifa kinachogawa vizazi hivyo. Ni lugha ya wachambuzi na wanahistoria, na watengenezaji wakaipenda kwa sababu inauza. Lockheed Martin, mtengenezaji wa ndege za kivita za Marekani F-22 na F-35, ameitumia sana kwenye matangazo yake.

Hata hesabu zenyewe zimetofautiana. Kwa miaka mingi Wachina waliiita ndege yao ya kivita J-20 kizazi cha nne, ilhali Wamarekani waliihesabu ya tano. Ndege ni ileile.

Tazama F-15 ya Marekani. Ya kwanza iliruka 1972, na toleo lake jipya, F-15EX, likaruka 2021 likiwa na rada, kompyuta na vifaa vya kuvuruga rada za adui vya kisasa kabisa kuliko vya ile ya awali. Zote huwekwa kwenye kapu la kizazi cha nne. Ndiyo maana watu wakalazimika kubuni “nne na nusu”, kiraka kisichoficha tundu. Upande wa pili, F-22 inaweza kudumu juu ya kasi ya sauti bila kuwasha moto wa ziada wa injini. F-35 haikuundwa kwa hilo, lakini nayo ni ya tano.

Umbo linaloikwepa rada ni faida kubwa kweli, sibishi. Lakini mwaka 1999 Waserbia waliidungua F-117, ndege ya Marekani iliyosifiwa kwa umbo hilohilo, kwa kombora la mfumo wa S-125 wa Kisovieti, wa miaka ya 1960.