Je, wajua kwa nini JWTZ walienda kupigana na waasi wa Renamo kule Zambezia, katikati ya Msumbiji, sio hapa ng'ambo ya Ruvuma?

Ukitaja makaburi ya wanajeshi wetu waliofia Msumbiji, yale ya Naliendele (ndio, Naliendele hiyohiyo ya utafiti wa korosho), vijiweni Mtwara stori ya kwanza utakayopewa ni ya vita vya kumng'oa Mreno. Sawa, ila Mreno aliondoka 1975. Mwaka 1987 vijana wetu walikuwa tena Msumbiji, safari hii Zambezia, karibu kilomita 900 kutoka Mtwara. Huko kote walifuata nini?

Chukua ramani uangalie Msumbiji ilivyokaa. Ni nchi ndefu kinoma, halafu pale katikati Malawi imejichomeka na kuibana kiuno. Kutoka Milange mpakani mpaka Quelimane baharini ni kilomita mia mbili na ushee tu kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo ukiikamata hiyo nafasi kaskazini yote, Nampula, Niassa, Cabo Delgado, inabaki peke yake haina mawasiliano na Maputo kwa nchi kavu.

Renamo walilijua hilo. Hawa jamaa walianzishwa kwa msaada wa usalama wa Rhodesia, na baada ya 1980 wakalelewa na makaburu. Mwaka 1986 Rais Machel wa Msumbiji, Kaunda wa Zambia na Mugabe wa Zimbabwe wakambana Banda wa Malawi aache kuwahifadhi, basi akawafukuza, na wao wakamwagika kwa maelfu Zambezia na Tete, wakabeba Milange, Caia, Mutarara, mji baada ya mji. Katikati ya sekeseke hilo, Oktoba 19, ndege ya Machel ikaanguka Mbuzini, Afrika Kusini, akafa. Yaani pigo juu ya pigo.

Chissano aliyeshika urais baada yake alikuwa mtu wa Dar, alishakuwa mwakilishi wa chama chao cha Frelimo pale, kwa hiyo hodi aliijua pa kupiga. Wazimbabwe tayari walikuwa wanalinda njia ya Beira, ile ya kwao kwenda baharini, na makomandoo wao ndio waliosaidia kurudisha miji ya kando ya Zambezi mwanzoni mwa 1987. Sisi tukapeleka kama askari 3,000 kuishika Zambezia, maana kuukomboa mji ni kazi moja, kukaa nao ni nyingine kabisa, na Renamo walikuwa mafundi wa kurudi usiku.

Mwisho wa 1988 wetu wakarudi, uchumi wenyewe tunaujua ulivyokuwa enzi hizo. Quelimane haikuanguka, nchi haikukatika. Amani ilisainiwa Roma 1992, uchaguzi ukafanyika 1994, na hapo Renamo wakaipata Zambezia kwa kura.