Agiza kinachotembea

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunatoka watu wanne kwenda kula mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga. Jumamosi hiyo tuliichagua makusudi. Mshahara umeshapungua mifukoni mwa watu, baa haijafurika, na jiko linapika kwa mwendo wake wa kila siku. Ukienda kumpima mpishi usiku wa tarehe 28, Dar nzima imetoka kulipwa na kila meza inadai mbavu, utakuwa umepima foleni, chakula hujakipima.

Mimi nimesimama kwenye majiko ya hoteli miaka 11, siku hizi nafundisha vijana upishi. Wenzangu ni mhasibu, fundi friji, na swahiba wetu wa Pemba ambaye hanywi, hali kitimoto, na kwenye habari za samaki hakuna wa kumweleza kitu. Tukiwa naye, swali la kwanza mlangoni ni kama nguruwe anachomwa kwenye wavu uleule wa mbuzi na kuku. Wavu ukiwa mmoja, tunageuza wote wanne, wala hakuna mjadala. Kitimoto cha Sinza tuna siku yake, na siku hiyo yeye anabaki nyumbani na wanawe.

Watu wananiandikia: "Chef, sehemu gani nzuri mjini?" Siwezi kujibu, kwa sababu sehemu moja inaweza kukupa supu nzuri kuliko zote asubuhi na samaki wa kukutupa zahanati jioni. Ninachoweza kukufundisha ni kutafuta kinachotembea.

Neno hilo nimelitoa Kariakoo. Muuza vitenge anajua mzigo gani unatembea na mzigo gani umelala, na aliyelaza mzigo mwingi ana hali mbaya hata duka likiwa limejaa. Jikoni ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba kitenge kikilala mwezi hakimdhuru mtu. Chakula kinachotembea kimenunuliwa asubuhi na usiku kimeisha. Mpishi amekipika mara 40 leo, mkono umeshazoea chumvi yake. Kilicholala kinatoka kwenye friza, kinapikwa na mtu anayejaribu kukumbuka.

Chukua mgahawa wenye menyu ya vyakula 80, wapishi watatu, na tuseme unauza sahani 100 kwa siku. Ukikaa pale utaona sahani 70 kati ya hizo ni chipsi kuku, ndizi nyama na wali samaki. Zimebaki sahani 30 za kugawana vyakula 77. Maana yake zaidi ya nusu ya hiyo menyu haiguswi hata mara moja kwa siku, ila malighafi zake lazima ziwepo, la sivyo mhudumu atakuwa mtu wa kusema "hiyo imeisha" jioni nzima. Sasa zipo wapi? Zipo chini kabisa ya friza, zimeshikana na barafu. Ndiyo maana menyu ya kurasa 12 hainifurahishi. Ubao wenye vyakula sita vilivyoandikwa kwa chaki, kimoja kimeshafutwa, unanifanya nivute kiti.

Kwa hiyo tukifika hatuagizi chakula. Tunaagiza soda au maji, tunakaa dakika 10 tukitazama sinia zinazopita. Halafu namwita dada anayehudumu. Ukimuuliza "nini kizuri hapa?" atakujibu "vyote vizuri," na atajibu nini kingine masikini, bosi wake yuko kaunta. Mimi namuuliza: "Dada, hapa kwenu nini huwa kinawahi kuisha?" Hilo analijibu papo hapo, tena kwa uhakika, kwa sababu ndilo linalomletea maneno na wateja kila siku. "Makongoro, kaka. Saa mbili ukija huyapati." Basi tunakula makongoro.

Upande wa nyama choma lazima ujue kwanza nani ni nani. Kwenye baa nyingi za Dar mwenye kaunta na mwenye jiko ni watu wawili tofauti. Jiko limekodishwa. Ndiyo sababu bili ya vinywaji inakuja peke yake na ya nyama peke yake, na ndiyo sababu baa ikibadilisha mchomaji, viti ni vilevile, muziki uleule, na nyama imekuwa viatu. Ukisikia mtu anasifia baa fulani kwa nyama, muulize alikwenda lini.

Mwezi uliopita tulikaa meza iliyo hatua nne kutoka jikoni, maeneo ya Mwenge. Mchomaji alikuwa kijana mwembamba mwenye taulo begani. Mbele yake mguu wa mbuzi umening'inia kwenye ndoano, mkaa ameusukuma upande mmoja, upande wa pili majivu tu na joto la chini. Nyama aliianzia pale kwenye joto la chini. Kando alikuwa na kikopo cha maji ya chumvi na fungu la majani ya kitunguu alilolifunga kwa uzi, analichovya, anapangusia nyama, mafuta yakidondoka na moshi ukipanda anaisogeza. Hakukimbia, na hata mhasibu wetu alipokwenda mara mbili kumuuliza "bado?" hakumwongezea mkaa ili kumridhisha. Tulikaa karibu saa nzima. Mguu wa mbuzi ulioanza mbichi unataka muda huo. Wakikuletea ndani ya dakika 15, jua ulichemshwa mchana na hapo umepita kwenye moto kuchukua rangi.

Kuchemsha si dhambi, mbuzi mzee anahitaji kuchemshwa na kuku wa kienyeji bila kuchemshwa utamtafuna hadi alfajiri. Shida ni pale unapouziwa cha kuchemshwa kwa jina la choma. Utakitambua hivi: mfupa unachomoka mweupe, mkavu, kama umeoshwa. Nyuzi za nyama zinaachana zenyewe ukizigusa. Chumvi iko juu tu, ndani hakuna ladha, kwa sababu ladha ilibaki kwenye sufuria, na ile sufuria kesho asubuhi ni supu utakayouziwa kwa bei yake. Biashara nzuri, ila si kwa hela yangu.

Halafu kuna ugomvi wa mizani. Nyama inapimwa mbichi, tena ipimwe mbele yako. Ikirudi mezani mhasibu huinua sinia kwa mkono mmoja na kutangaza kwamba tumeibiwa. Hatujaibiwa. Nyama ikichomwa inapoteza maji na mafuta, kama robo ya uzito wake hadi theluthi, kwa hiyo kilo moja ikirudi na gramu 700 hivi mchomaji ni mwaminifu. Tumeshamweleza mara nyingi. Haamini.

Sasa kwa samaki ndiyo nataka tutulie, kwa sababu hapa nilikosea mwenyewe, na kosa langu likamwangukia mwingine. Ilikuwa katikati ya wiki, tumevunja kanuni yetu wenyewe, mgahawa mmoja mzuri wa macho, vitambaa vyeupe, wateja meza mbili. Mhasibu akatamani jodari wa kuchoma. Nilimwona alivyoletwa, rangi nzuri, harufu hamna, nikamwambia kula. Alipomeza tonge la tatu akasema samaki anamwasha ulimi kama ana pilipili manga. Nikacheka. Haikupita nusu saa uso unamwaka moto, masikio yanamwasha, moyo unamwenda mbio, kichwa kinagonga. Zahanati wakampa dawa ya aleji, akapata nafuu usiku uleule, na tangu hapo akawa anajitangaza kwamba ana aleji ya samaki.

Hana aleji yoyote. Jodari, nguru na vibua wana kitu katika nyama yao ambacho bakteria, samaki akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, hukigeuza kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili wenyewe huitoa mtu anapopata aleji. Saa chache za jua kwenye ngalawa bila barafu, au friji iliyozimika umeme ukikatika kisha ikawashwa, zinatosha. Ubaya wake ni kwamba histamini haifi kwa moto. Choma, kaanga, chemsha, iko palepale, na mara nyingi samaki hana harufu mbaya wala sura mbaya. Dalili pekee unayoweza kuipata mezani ni ule mwasho wa ulimi, na mimi mwenye miaka 11 jikoni niliucheka. Ulimi ukiwasha na pilipili hujaweka, tema, sukuma sahani. Changu na chewa hawako kwenye kundi hilo, na usiku ule mgahawa ukiwa hauna watu ningepaswa kumwelekeza huko, au kwenye kuku.

Swahiba wetu wa Pemba hakuwepo siku ile, na hajaacha kunikumbusha. Yeye kabla ya kukubali samaki anatazama mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo dagaa "wabichi wa leo" siku za mwezi mpevu anawacheka waziwazi. Pweza ni kinyume chake. Pweza anasakwa kwa miguu miambani maji yakikupwa sana, na maji yanakupwa sana wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo pweza ni wengi na wanatembea. Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, pweza unayemwona mezani aghalabu ametoka kwenye barafu. Kwa haki, barafu haimharibu pweza kama inavyowaharibu wengine, inamlainisha hata. Swahiba hakubali, na mimi nimeacha kubishana naye.

Chipsi nitazipitia haraka. Tazama karai, usitazame kabati la kioo lenye balbu. Mafuta yaliyochoka yanatoa povu jepesi ambalo halitulii, yanakuwa meusi mazito, na yanafuka moshi hata kabla moto haujakolea. Chipsi kuchomwa mara mbili si tatizo, mara ya kwanza zinaiva, mara ya pili zinakauka nje, ndivyo tunavyofundisha darasani. Ila hiyo mara ya kwanza iwe ya leo. Zege, yaani chipsi mayai, la saa nne usiku kwenye kibanda chenye foleni ya bodaboda silikatai kamwe, mayai yanapasuliwa mbele yako na hakuna kitu kinachopata nafasi ya kulala.

Fundi friji kazi yake ni bia, ingawa mnywaji mkubwa si yeye. Akifika kaunta anabandika kiganja kwenye mlango wa friji, anatazama raba ya mlango kama imepasuka, anasikiliza. Kisha anauliza kreti za mwisho zimeingizwa saa ngapi. Chupa iliyoingia saa 12 jioni kwenye friji inayofunguliwa kila dakika haitakuwa ya baridi saa moja, hata ikiwa na jasho nje. Jasho ni la ngozi ya chupa. Kwa hiyo raundi ya kwanza anaomba ya mstari wa nyuma kabisa. Na kuna wazee wanaoagiza ya moto tangu mwanzo, hao hawana shida na mtu.

Masaki tumekwenda mara mbili. Machweo mazuri, vinywaji vya rangi tatu, na chini ya menyu kuna mstari wa maandishi madogo unaosema kama VAT na huduma vimo kwenye bei au bado. Mhasibu anausoma kwa sauti kabla hatujakaa. Nilichojifunza kule ni kutazama ndimu: ikikamuliwa mbele yako kaa, ikimiminwa kutoka kwenye chupa ya plastiki agiza bia.

La kulipa. Baa nyingi baamedi anachukua bia kaunta kwa jina lake, mkiondoka bila kulipa deni ni lake, linakatwa kwenye hela yake ndogo. Kwa hiyo meza yetu haitupi vizibo. Tunavipanga katikati, na mwisho mhasibu anavihesabu pamoja na dada mwenyewe, kimoja kimoja, ndipo tunalipa kwa lipa namba. Pale Mwenge vilitoka 9, karatasi yake inasema 8. Dada akahesabu tena, vikawa 9. Kumbe kijana wa jikoni, yule wa taulo, mhasibu alikuwa amempelekea bia moja kimyakimya alipokwenda kuuliza "bado?" mara ya pili, na dada hakuwa ameiandika.