Je, Wajua Mifumo Endeshi Miwili Hukaaje Ndani ya Kompyuta Moja?

Mtu mwenye kompyuta ya Windows anayetaka kutumia pia Linux halazimiki kuchagua mfumo endeshi mmoja, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, na kuufuta mwingine. Anaweza kuiweka mifumo yote miwili katika diski moja, na kila awashapo mashine akachagua atakaoutumia. Sababu ya kufanya hivyo imezidi kuwa na uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofikisha kikomo huduma zake za kawaida kwa Windows 10, kwa kuwa zipo kompyuta nzima kabisa zisizokidhi masharti ya Windows 11, yakiwemo ya kuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ilhali Linux huzikubali bila taabu. Lakini kila mmoja wa mifumo hii huendesha mambo yake kana kwamba mashine nzima ni mali yake. Inawezekanaje, basi, ikae pamoja?

Ukweli ni kwamba haikutani kamwe. Mmoja unapofanya kazi, mwingine ni mafaili tu yaliyotulia katika patisheni yake, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili yake, na hauna nafasi ya kugombania kumbukumbu wala kichakataji. Matatizo wanayoyapata watumiaji hutokea karibu yote katika mahali pachache ambapo mifumo hiyo hupagusa kwa zamu, na kila mmoja hupaacha kwa namna ambayo mwenzake hakuitarajia.

Mahali pa kwanza ni pale kompyuta inapoanzia. Mashine ikiwashwa haijui Windows wala Linux. Huijua tu programu iliyomo ndani ya bodi kuu, na programu hiyo ndiyo hutafuta wa kumkabidhi kazi. Katika utaratibu wa zamani wa BIOS, ilisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512: baiti 446 za programu ya kuanzisha mfumo, 64 za jedwali lenye nafasi za patisheni nne, na 2 za alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Nafasi ya programu ya kuanzisha ilikuwa moja tu. Windows ilipowekwa baada ya Linux, iliandika yake palepale bila kuuliza, na Linux ikawa haifikiki ingawa hakuna hata faili lake moja lililofutwa. Huo ndio msingi wa ushauri mashuhuri wa kuweka Windows kwanza na Linux baadaye. Katika utaratibu mpya wa UEFI, ushauri huo umepungua nguvu, kwa sababu kila mfumo huwa na folda yake katika patisheni ndogo ya pamoja, na bodi kuu hutunza orodha ya programu za kuanzisha. Windows ikiingia ya pili, aghalabu hujiweka tu juu ya orodha, na mpangilio huo hurekebishwa kwa dakika chache.

Mahali pa pili, ambapo mimi napaona kuwa pa kuvutia kuliko pote, ni saa. Ndani ya bodi kuu mna saa ndogo inayotumia betri, ambayo huendelea kuhesabu hata kompyuta ikiwa imezimwa. Windows, ikifuata desturi iliyotoka enzi za DOS, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, huichukulia saa hiyo kuwa inaonyesha wakati wa mahali ulipo. Linux huichukulia kuwa inaonyesha wakati wa kimataifa wa UTC, kisha huongeza tofauti ya eneo lako. Kwa mtu aliyeko Dodoma, Mombasa au Kampala, tofauti hiyo ni saa tatu kamili. Akizima Linux saa nne asubuhi na kufungua Windows papo hapo, atakuta saa moja asubuhi. Windows ikijirekebisha kwa intaneti na kuandika wakati wake katika bodi kuu, atakaporudi Linux itaongeza saa tatu juu ya wakati ambao tayari ni wa hapa, na kumwonyesha saa saba mchana. Aliyeko Bujumbura au Kigali atapishana kwa saa mbili, na wa Muscat kwa nne. Wengi hudhani betri imekufa na kwenda kununua nyingine. Dawa ni kuifanya mifumo ikubaliane: amri ya Linux «timedatectl set-local-rtc 1» huifanya ifuate desturi ya Windows, ingawa ni afadhali kuibadilisha Windows ifuate UTC, jambo linalohitaji kuhariri rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, kwa uangalifu.

La tatu ni hatari zaidi, kwa kuwa linahusu mafaili yenyewe. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kubofya kitufe cha kuzima hakumaanishi kuzima kabisa endapo mpango wa kuwaka haraka umewezeshwa. Windows huhifadhi diskini picha, yaani nakala ya hali, ya kiini chake (sehemu ya msingi ya mfumo) ili iamke upesi. Picha hiyo hukumbuka patisheni ya Windows ilivyokuwa, hivyo Linux ikiandika humo wakati Windows imelala, kumbukumbu na hali halisi hupingana na mafaili yanaweza kuharibika. Ndiyo maana Linux mara nyingi hukubali kuisoma tu patisheni hiyo na kukataa kuiandikia. Mpango huo ni wa kuzimwa kabla ya kuanza usakinishaji, sambamba na kuweka nakala ya mafaili muhimu nje ya diski.

Hata masasisho ya kawaida yanaweza kuvuka mpaka. Mwezi Agosti 2024, sasisho la Windows lililokusudiwa kuzuia programu za kuanzisha zenye kasoro za usalama lilisababisha baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux, kwa kuwa orodha ya programu zinazokataliwa huwekwa katika bodi kuu, ambayo ni ya wote.

Kuiondoa Linux nako kuna utaratibu wake. Anayefuta patisheni yake akiwa ndani ya Windows huacha nyuma GRUB, programu inayoonyesha menyu ya kuchagua mfumo, ikiwa bado ya kwanza katika orodha. Siku inayofuata GRUB huamka, hutafuta mipangilio yake katika patisheni isiyokuwepo tena, na kusimama kwenye skrini nyeusi ikisubiri amri. Inatosha kuingia kwanza katika mipangilio ya UEFI na kuirudisha Windows juu ya orodha, kisha ndipo patisheni ifutwe.